Njano Iliyokataa Kutokea

Mtaani kwetu hapa Kibiti watu huniita Daktari, nami sijawahi kuwakataza. Mimi si daktari. Nina stashahada ya teknolojia ya maabara, niliyoisomea jioni baada ya kazi, huku mchana nikiosha mitungi katika kiwanda cha rangi Dar es Salaam. Niliingia kiwandani pale kama mwosha mitungi, nikatoka nikiwa msimamizi wa maabara. Vijana waliokuja nyuma yangu na digrii zao walikuwa wakija mezani kwangu kuuliza kama mchanganyiko umekaa sawa, nami nilikuwa nikiwajibu bila kuinuka kwenye kiti. Sioni kwa nini niyafiche hayo. Aliyepanda mnazi mwenyewe haombi ruhusa ya kuangua madafu.

Niliporudi nyumbani sikurudi na begi la nguo kuukuu kama wengi wanavyorudi. Nilishusha kwenye fuso makasha ya vioo, chupa za kemikali, mizani na meza ya chuma. Nikajenga nyumba ya matofali ya saruji, na chumba cha mbele, kile ambacho wengine wangekifanya duka la vocha, nikakifanya maabara. Wanafunzi wa kidato cha sita na watahiniwa wa kujitegemea huja kwangu kufanya mazoezi ya kemia, kwa sababu shule nyingi za huku zina somo lakini hazina vifaa. Rafu zangu zimepangwa kwa herufi. Kila chupa ina kibandiko nilichokiandika kwa mkono wangu, kimegeuzwa mbele ili kisomeke tangu mlangoni. Mkaguzi mmoja aliyewahi kupita alisema hajaona chumba kama kile tangu atoke mjini. Nilimwambia hata mjini ni vichache.

Ninachopenda kufundisha kuliko vyote ni kutambua kitu kisichojulikana. Unampa mwanafunzi maji maji meupe ndani ya testi tyubu, hayana jina, nawe unamwambia, nitafutie huyu ni nani. Alkoholi ni ukoo mkubwa, na ndugu wote wana alama moja mwilini, oksijeni na haidrojeni zilizoshikana ubavuni mwa kaboni. Kwa macho wanafanana na maji, na kwa pua wanadanganya. Hujulikana kwa tabia zao tu, ukiwakutanisha na huyu na yule uone watakavyofanya. Kanuni yangu ya kwanza, ambayo wanafunzi wangu huiimba hata wakiwa njiani, ni hii: usimtaje mtu jina kabla hujamtenga na pacha wake.

Nilikuwa nikipanga vyombo asubuhi moja wakati dada yangu alipoingia bila kuvua kandambili. Dada yangu hajawahi kuingia maabara yangu na kandambili.

"Kaka," akasema, "somo anataka ulete kipimo."

"Kipimo gani?"

Akatazama mlango kwanza. "Cha mimba."

Nyumba yake iko mtaa wa pili tu kutoka kwangu, na ndani ya nyumba ile alikuwamo mwali mmoja, binti yake wa pekee, mpwa wangu, aliyewekwa ndani akisubiri ndoa yake baada ya swala ya Ijumaa ya wiki ile. Somo, yaani kungwi aliyekuwa akimfunda na kumsinga kwa dalia, ile poda ya njano, ni mama wa makamo ya bibi zetu, anayeheshimiwa Kibiti nzima. Mwanamke ambaye hakupita mikononi mwake huku hujiona hakuolewa sawasawa.

"Anatapika," dada yangu akasema. "Tangu juzi. Kichwa kinamuuma, chakula hakitaki. Somo anasema ameshaona wengi. Anataka kujua kabla upande wa bwana harusi hawajajua wao."

"Na wewe unasemaje?"

"Mwanangu ameniapia. Lakini mtu akiapa huku anatapika, kaka, utafanyaje?"

Kwetu mjomba si mgeni katika jambo la mwali. Ndoa ile ilikuwa imepita mikononi mwangu, mahari ilipokelewa nikiwa nimekaa mbele, na kusema kweli ni mimi niliyewaambia wakwe watarajiwa kwamba binti huyu ametoka katika nyumba iliyonyooka. Nilichukua kipimo kabatini, nikafunga mlango, tukaenda.

Somo alinipokea sebuleni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mpwa wangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia zito, maana mwali haonwi. Dada yangu aliingia, akatoka na kikombe, nami nikafanya kazi yangu pale kwenye kona ya meza. Kikatokea kistari kimoja. Nikasubiri muda unaotakiwa na kupita. Kikabaki kimoja.

"Hana mimba," nikasema.

Somo akainamia kipimo kama mtu anayetazama samaki aliyechina, aliyeanza kunuka. "Kistari kimoja. Cha pili kimechelewa."

"Hakijachelewa, mama. Hakipo."

"Baba, mimi nimefunda wasichana tangu wewe hujaanza kuvaa suruali. Mwali anatapika asubuhi, wali anausukuma, kizunguzungu hakimwachi. Hiyo kwenu maabara inaitwa nini?"

"Inaitwa ugonjwa. Bado sijaujua."

"Hujaujua," akarudia, akiyapa maneno hayo nafasi ya kutosha. "Mjomba wa chupa naye kuna asichokijua."

Aliyejibu ni dada yangu. "Somo, mbona na wewe tangu jana unalalamika kichwa kinakugonga?"

"Kichwa changu ni cha uzee."

"Na juzi ulitapika kule uani."

"Nilikula kaa wa jana yake."

"Basi na wewe una mimba, somo."

Ilitoka kavu kiasi kwamba nilishindwa kujizuia, nikacheka. Lakini sikukimaliza kicheko, kwa sababu maneno yale ya mzaha yalikuwa na hoja ndani yake. Watu wawili, chumba kimoja, dalili zile zile. Nilikuwa bado naligeuza hilo kichwani wakati mpwa wangu aliponiita kutoka nyuma ya pazia.

"Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Huu ukungu umeingia nyumba nzima au uko kwenye macho yangu tu?"

Ilikuwa saa sita mchana. Nje jua lilikuwa limesimama wima, hata kuku walikuwa wamejificha chini ya mkokoteni.

"Ukungu gani?"

"Kama moshi wanapochoma mabua ya mpunga. Nilikuwa naiona miguu yako chini ya pazia. Sasa siioni."

Nilipiga hatua moja mbele kuelekea pazia, nikamuuliza kama anaona chochote. Hakuona. Nikalifungua pazia. Najua mjomba haingii kwa mwali namna ile, na somo alinishika mkono kunizuia, lakini niliingia. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi ili asionekane na mtu wa nje. Msichana alikuwa amekaa mkekani, ngozi yake ya njano kwa dalia, amefungwa kanga mbichi iliyolowa tangu shingoni hadi magotini. Chumba kilijaa harufu ya asumini na vilua na mrehani. Chini ya maua hayo, nyembamba na kali, kulikuwa na harufu nyingine. Niliijua. Nilikuwa nimeivuta miaka yote ile kiwandani, kwenye kona tulikowekewa vizibo vya kuziba pua.

"Kanga hii imeloweshwa nini?"

"Marashi," somo akasema nyuma yangu.

"Marashi ya nini?"

"Ya maua. Nimeyatengeneza mwenyewe."

"Maua umeyaloweka kwenye nini, mama?"

"Kwenye spiriti. Ile aliyoleta baba yake."

Basi hadithi ikatoka pale, somo akieleza nusu na dada yangu nusu. Shemeji yangu, baba wa mwali, hushinda kule delta, Mbuchi, kwenye mashamba yake ya mpunga na kuvua kidogo. Maji makubwa yalipopungua alikuta dumu kubwa la plastiki limenasa katika mizizi ya mikoko. Kibandiko chake kilikuwa kimeliwa na jua na chumvi, hakuna lililosomeka. Watu wa delta hupima kitu kama hicho kwa kiberiti. Alimwaga kidogo juu ya gamba la chaza, akawasha. Kikawaka kwa moto usioonekana vizuri, hakikutoa moshi, hakikuacha masizi, na gamba likabaki safi. Kwao hiyo ni spiriti safi. Akalipandisha dumu hadi Kibiti kama zawadi ya harusi, maana spiriti ni ghali na makungwi wa siku hizi huipenda, harufu ya maua hushika kwenye ngozi na haitoki upesi.

"Kila mchana namfunga nayo," somo akasema. "Inampoza, na ngozi inang'aa. Mtazame mwenyewe."

Chetezo kilikuwa pembeni, kimezimwa. Somo alieleza kwamba mwali alilalamika moshi wa udi unamchoma macho, ndiyo maana aliacha kukiwasha tangu juzi. Nilikitazama chetezo kile, nikaitazama kanga iliyolowa na dirisha lililozibwa, nikajua kwamba cheche moja tu ingewasha chumba kizima.

Nilitoa amri, na katika nyumba ile siku hiyo hakuna aliyebisha. Nilimwambia dada yangu ang'oe blanketi dirishani, amvue kanga ile, amwogeshe kwa sabuni na maji mengi mpaka dalia yote itoke, kisha amfunike shuka na kumpeleka hospitali kwa bajaji. Asisubiri kitu. Mimi ningewafuata na jina la sumu.

"Mwali atoke nje mchana?" dada yangu akauliza, lakini alikuwa tayari anang'oa blanketi.

Nilijaza marashi kidogo katika chupa, na katika chupa nyingine nikachukua kilichobaki ndani ya dumu, kisicho na maua. Nilipotoka nilimkuta somo mlangoni amekwisha vaa buibui.

"Nakuja," akasema. "Marashi yangu hayatasingiziwa mimi sipo."

Tulipofika maabara nilimkalisha kwenye benchi la wanafunzi, nikafungua madirisha yote, nikavaa koti langu jeupe. Najua watu husema nalivaa kwa majivuno. Siku ile nililivaa kwa sababu mikono yangu ilihitaji kitu inachokifahamu.

Kwanza sodiamu. Nilikata kipande kidogo kama punje ya mtama, nikakikausha mafuta ya taa, nikakitia kwenye maji maji ya dumu. Kikatoa povu la viputo, na nilipoweka njiti ya moto mdomoni mwa testi tyubu ukasikika mlio mfupi wa haidrojeni. Somo alishtuka.

"Nini hicho?"

"Kanisalimia. Ni wa ukoo wa alkoholi."

"Si ndiyo niliyokwambia? Spiriti."

Pili, daikromati ya potasiamu na asidi. Rangi yake ni ya chungwa. Nilipopasha moto, chungwa likafifia, likawa kijani kama maji ya kisamvu. Maana yake huyu anaweza kuchukuliwa haidrojeni na kugeuzwa kitu kingine, si wale wakaidi wa tabaka la tatu. Tatu, kloridi ya zinki katika asidi kali ya hidrokloriki. Wale wa tabaka la tatu huchafuka papo hapo, wa tabaka la pili hukawia kidogo. Huyu alibaki mweupe, ametulia kama maji ya mtungini. Tabaka la kwanza, basi, na kwa wepesi wake wa kuwaka na kuchanganyika na maji, ni mmoja wa wale wadogo kabisa katika ukoo.

"Unasemaje?" somo akauliza. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa benchi.

Mtu mwingine angesema pale pale kwamba ni spiriti ya kawaida. Majaribio yote matatu yalikubaliana na spiriti, somo alikuwa akisubiri neno hilo moja tu, na moyo wangu mwenyewe ulikuwa ukilitamani. Lakini wapo mapacha wawili wanaopita majaribio yale matatu wakiwa wameshikana mikono. Mmoja ni ethanoli, ambaye ndiye spiriti. Mwingine ni methanoli.

Nilichukua testi tyubu mbili. Moja nikatia ethanoli yangu mwenyewe, ya rafuni, ninayoijua. Ya pili nikatia maji maji ya dumu. Zote mbili nikazitia ayodini, zikawa za kahawia, kisha magadi makali tone baada ya tone mpaka kahawia ikapotea. Nikazitumbukiza pamoja kwenye maji ya vuguvugu.

"Tunangoja nini?" somo akauliza.

"Tunangoja njano. Zote zikigeuka njano, marashi yako hayana kosa."

Testi tyubu yangu ilianza kuwa na ukungu, kisha chembe nzuri za njano zikashuka chini taratibu, njano ile ile ya dalia. Harufu yake ya dawa ya kidonda ikasambaa. Ile ya dumu ilibaki nyeupe. Niliitikisa. Niliirudisha kwenye maji. Niliongeza tone la ayodini, likapotea bila kuacha kitu. Somo alikuwa ameinuka, amesimama begani kwangu, anapumua kwa mdomo.

"Yangu bado," akasema.

"Bado."

"Labda nayo imechelewa."

Nimefanya jaribio lile mbele ya wanafunzi mara zisizohesabika, na ni kweli kwamba siku zote hunifurahisha, ile njano inaposhuka. Sikuwahi kujua kwamba njano inaweza kukataa kutokea na mtu akasikia ubaridi mgongoni.

Nikafanya jaribio moja la mwisho, ili nisiende hospitali na dhana. Chembe chache za asidi ya salisiliki, maji maji ya dumu, matone ya asidi kali ya salfuriki, nikapasha moto ndani ya maji, kisha nikavimimina kwenye bilauri ya maji baridi. Nilimsogezea somo bilauri kwa mbali, nikipepea harufu kwa kiganja.

"Usiiname. Niambie inanukia nini."

Akavuta mara moja. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekutana na jirani yake katika nchi ya mbali.

"Dawa yangu ya kuchulia magoti," akasema.

Harufu hiyo huzaliwa na methanoli tu. Niliiweka bilauri mezani, nikavuta kiti, nikakaa.

"Mama," nikasema, "hii si spiriti. Ni pacha wake. Kazi yake ni viwandani. Ikiingia mwilini, mwili huigeuza kuwa asidi inayokula mishipa ya macho."

"Hakunywa." Alisema hivyo kwa sauti ndogo. "Wallahi, mwanangu, hata tone. Nyumba ile haijapata kuingia pombe."

"Imeingia kwa ngozi. Na kwa pumzi, chumba kimezibwa."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Dumu lile lingeangukia kwa walevi, mmoja angeonja, angeanguka, na wengine wangekimbia. Liliangukia kwa watu wasiokunywa, watu wanaojua tangu utotoni kwamba haramu ni kile kinachopita kooni. Kisichopita kooni hatukukiogopa. Tukamvika binti yetu sumu kama nguo, kwa moyo safi, tukimsifu namna anavyong'aa.

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Alikuwa amekwisha pima malaria, hakuna. Alikuwa amerudia kipimo cha mimba, hakuna, na dada yangu alikuwa amekishika kile kipimo cha pili mkononi kama hirizi. Nilimweleza daktari majaribio yote kwa mpangilio wake. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Una uhakika na la ayodini?"

"Niliweka ethanoli yangu pembeni yake. Ya kwangu iligeuka."

Akaniangalia kidogo zaidi, akachukua simu, akatoka kuzungumza na wakubwa wake. Aliporudi alituita pembeni. Gari la wagonjwa lilikuwa likiandaliwa kumpeleka Dar es Salaam, kwenye mashine ya kusafisha damu. Lakini njia ni ndefu, na sumu ilikuwa ikiendelea kugeuzwa ndani ya mwili kila dakika. Dawa yake maalumu haikuwapo.

"Kilichopo kinachoweza kuizuia njiani," akasema, "ni pacha wake."

Mimi nilikuwa nalijua hilo kabla hajalisema, na ndiyo maana nilikuwa nikitazama sakafu. Mwili ukipewa wote wawili humshughulikia ethanoli kwanza. Methanoli hubaki akisubiri nje ya mlango, bila kugeuka, mpaka atolewe.

Dada yangu alikuwa bado hajaelewa. "Pacha gani?"

"Pombe, mama," daktari akasema. "Kwa kipimo, chini ya uangalizi wangu. Spiriti yetu ya vidonda hainyweki, imetiwa vitu vingine. Inatakiwa pombe kali ya dukani, iliyofungwa na kiwanda."

Nimemwona dada yangu akizika mume wa kwanza na mama yetu. Sikuwahi kuuona uso ule. Alinigeukia mimi, si daktari.

"Kaka. Sema kuna nyingine."

"Hakuna nyingine hapa."

"Wiki ya ndoa yake? Mwanangu, ambaye hata togwa iliyolala haigusi?"

"Dada, anayaacha macho yake njiani."

Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Aliyesema ni somo, aliyekuwa amesimama ukutani tangu tulipofika.

"Inauzwa wapi?"

"Nitakwenda mimi, mama," nikasema.

"Mkono uliompaka ni wangu. Nionyeshe tu inapouzwa."

Na hivyo ndivyo nilivyotembea katika mji wangu mwenyewe, bado nimevaa koti jeupe, nikifuatana na kungwi wa Kibiti katika buibui lake, hadi kwenye grosari iliyo karibu na stendi. Ndani kulikuwa na watu wachache wakinywa mapema. Walipomwona, mmoja aliweka chupa yake chini ya kiti, na mwingine, ambaye nina hakika somo huyu ndiye aliyemfunda mkewe, alisimama wima kama mwanafunzi.

"Bibi," muuzaji akasema, "umepotea?"

"Sijapotea. Nipe ile kali. Iliyofungwa. Na usinitazame hivyo, tazama chupa."

Alimpa. Akaiweka ndani ya buibui, ubavuni, akatoka. Tulipofika lango la hospitali alisema, "Wakiniuliza nitawaambia ndiyo," akaingia.

Daktari alipima, akachanganya na maji ya matunda. Mpwa wangu aliinuliwa kitandani. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama mahali ambapo hatukuwapo. Mama yake alimsomea Bismillahi sikioni, na ni yeye mwenyewe aliyemwegemezea mwanawe kikombe mdomoni. Msichana akanywa, akakunja uso wote, akapumua.

"Mjomba upo?"

"Nipo."

"Hii ndiyo watu wanayouzia mashamba?"

Daktari aligeuka kutazama ukuta, mabega yake yakitikisika. Dada yangu alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Nilimwambia mpwa wangu ndiyo, ndiyo hiyo, na akasema basi watu wana shida.

Gari liliwachukua, yeye na mama yake; somo, aliyevuta mvuke tu, daktari alimpima akamwambia apumzike. Mimi nilibaki kumpigia shemeji simu kule Mbuchi. Baada ya kunisikiliza akasema, "Shemeji, niliwasha moto. Ulikuwa safi," na nikasikia makasia yakiangushwa ndani ya mtumbwi. Siku zilizofuata alipita kwa jirani zake wote wa delta kuwaambia kwamba kiberiti hakitambui ndugu na ndugu, na dumu likachukuliwa na watu wa afya.

Ijumaa ile haikuwa na ndoa. Mama wa bwana harusi alikuja nyumbani kwa dada yangu kuuliza, amekunja uso, kwa kuwa habari za grosari zilikuwa zimemfikia kabla ya habari za hospitali. Somo ndiye aliyempokea. Sijui walizungumza nini, walijifungia. Nilichokiona ni kwamba mama yule alitoka kwa haraka hata viatu alivishika mkononi, na siku ya pili yake alipanda basi kwenda Dar es Salaam kumtazama mkwewe.

Waliporudi, wataalamu wa macho walikuwa wamesema ukungu utaondoka kwa kiasi, na kiasi hicho hakuna aliyejua. Ndoa ilipangwa upya. Asubuhi moja mpwa wangu aliingia maabara kwangu ameshikwa mkono na somo, ambaye alikuwa na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kila kitu anachotumia kumsingia mwali: liwa, dalia, mafuta ya nazi, maji ya mawaridi.

"Pima," somo akasema. "Vyote. Sitamgusa mpaka upime."

"Mama, haya ni mafuta ya nazi."

"Na ile ilikuwa spiriti. Pima."

Nilivaa koti. Nilipokuwa nikipanga testi tyubu, nilimwona mpwa wangu amekaa kwenye benchi la wanafunzi, amegeukia rafu zangu, amekunja macho kidogo. Nikaacha nilichokuwa nikifanya.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Vibandiko."

"Nisomee."

Akaanza juu. Alisoma ayodini. Alisoma daikromati, akikwama kidogo kwenye neno lenyewe, si kwenye herufi. Alisoma sodiamu, akasoma salisiliki, akashuka rafu hadi rafu, na somo alikuwa akimfuata kwa midomo ingawa yeye kusoma hajui. Nilijikuta nimeishika meza. Akafika rafu ya chini, chupa ya mwisho kabisa ya pembeni, akasogeza kichwa mbele, akanyamaza.

"Na ile?" nikauliza.

"Siisomi."

Nje kulipita pikipiki, mlio wake ukaenda mpaka ukaisha.

"Jaribu tena, mwanangu."

Akakunja macho, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine.

"Siisomi, mjomba, ina vumbi," akasema. "Hebu ifute."

Somo alinigeukia, akaniangalia tangu koti hadi viatu, kisha akachomoa kitambaa kikapuni mwake, akanipa.